Matofali Chini ya Kitanda Changu

Jumatano, Katandala. Upepo wa leo unakata masikio, na mimi nina furaha ambayo si nzuri. Naiandika hapa kwa sababu nikimweleza mume wangu atanikataza.

Kiungulia kimenitesa miaka. Nilikunywa maziwa, nikajaribu ndimu ikaniunguza zaidi. Mwishowe daktari akanipa vidonge vya kupunguza asidi, vya kumeza kabla ya chai ya asubuhi, akanikataza pilipili na kula ugali kisha kulala hapo hapo. Akasema pia tuinue kitanda upande wa kichwa, asidi isinipande kooni. Tukaweka matofali mawili. Nikapata usingizi niliokuwa nimeusahau.

Kisha Skola, dada wa mume wangu, akaja kunisaidia kudeki, akayaona. Nilimweleza sababu. Akaitikia kama ameelewa.

Jumapili jumuiya nzima ya kanisani ilijua kwamba nimemfunga kaka yake kwa matofali.

Akina mama wakaacha kula kwangu. Zamu ya jumuiya kusali kwangu ilipofika walikuja wachache, na chai yangu ikapoa vikombeni. Nililia jikoni. Mpaka leo tukisali Baba Yetu, pale kwenye kusamehe napunguza sauti.

Leo Skola kaja, kwa mlango wa nyuma. Kiungulia kimemshika. Vidonge anameza, lakini akilala tu kinapanda, na daktari kamwambia ainue kitanda.

"Wifi, yale matofali yanawekwaje? Ila naomba wa jumuiya wasijue. Si unaijua midomo yao?"

Midomo yao!

Nilimwelekeza vizuri kabisa. Miguu ya upande wa kichwa tu, asirundike mito, itamkunja tumbo. Ale mapema, alalie ubavu wa kushoto. Sikumficha kitu. Nataka apone, tena apone kwa kitu kilekile alichokiita uchawi.

Jumamosi jumuiya inasali kwake, na kila mtu huenda na chochote mkononi. Mimi nimechagua matofali mawili mazuri ya kuchoma, nimeyaosha, yanakauka uani. Nawaza jambo moja tu: niyafunge kwenye kanga, au niyabebe kichwani hivi hivi, mtaa mzima, hadi mbele ya akina mama sebuleni kwake?

Kanga zangu zote nimeziloweka, na sina haraka ya kuzifua kabla ya Jumamosi.