Dakika Sita za Milembe

Nkololo,
21 Septemba 2025

Mpendwa dada Nyanjige,

Mwangaluka, dada. Nakusalimu wewe, shemeji Anatoli na wote hapo Nassa. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tuko salama. Mvua tunaisubiri, ng'ombe wamekonda ila wanasimama. Ningekupigia simu, lakini nakufahamu, ungenikatiza kabla sijafika ninakotaka kufika.

Wiki iliyopita mimi na wifi yako Milembe tuliitwa Mwanza, kwenye hospitali tuliyolazwa kwa korona mwaka 2021. Unakumbuka tulivyokuwa chumba cha mahututi wote wawili, na mimi mlikwisha kuanza kunililia. Sasa wanawatafuta waliotoka mle hai, waone wanaendeleaje. Nilikwenda kwa kiburi, nikijua mimi ni mzima.

Daktari, mama mmoja aitwaye Jenifer, alitutembeza kwenye korido kwa dakika sita, mmoja mmoja, kwenda na kurudi, kidole kikiwa kimebanwa na kimashine cha kupima oksijeni. Nilitembea kama mtu anayewahi mnadani. Nikamaliza, nikaketi, nikacheka.

Akafuata Milembe. Dakika ya pili midomo ilibadilika rangi. Ya tatu akashika ukuta. Daktari akamwambia anaruhusiwa kupumzika. Akatikisa kichwa, akauachia ukuta, akaendelea mpaka mwisho. Nilijikuta nimesimama. Dada, miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kumtazama mke wangu akitembea. Siku zote natangulia mimi, yeye yuko nyuma na mzigo.

Daktari aliniuliza nyumbani anafanya kazi gani. Nikataja: maji, kuni, kupalilia, kuchuma pamba, kupika. Akaweka kalamu chini. Alisema kwa pumzi ile hakutegemea mtu afanye hata nusu ya hayo. Akanieleza kwamba katika ugonjwa ule wanaume ndio waliokufa zaidi, lakini kwa waliotoka mahututi wakiwa hai, mara nyingi wanawake ndio wanaobaki na uchovu na kukosa pumzi, hata kwa miaka. Jambo hilo limeonekana nchi nyingi, na sababu bado wanaitafuta. Akasema huo si uvivu. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Tuliporudi nilimuuliza Milembe amewezaje. Akanieleza bila kulalamika, kama anayemwelekeza mgeni njia. Maji huchota nusu ndoo, safari mbili. Shambani hupiga magoti kana kwamba anachuma pamba za chini, anahesabu pumzi mpaka zirudi, kisha anainuka. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu, "Ningesema nini? Wewe ulitoka chumba kilekile ukashika plau."

Sasa nisikilize, dada. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilimkuta amelala chini kati ya mistari ya pamba. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama, nami nikamtazama, nikapita. Jioni ile ndipo nilipokupigia simu kwamba nimeoa mvivu, unitafutie mwingine. Ukoo mzima unadhani habari ya mke wa pili ilitoka kwako, nawe umeibeba kimya kunitunzia heshima. Ilitoka kwangu. Wewe uliniuliza mara mbili kama mwanamke huyu haumwi, nikakujibu hana ugonjwa wowote.

Juzi nilimweleza Milembe yote. Akasema anajua tangu siku ile; alikuwa nyuma ya ukuta akinisikia nikiongea. Nimejaribu kuikumbuka jioni ile. Alinisikia, halafu akaniletea ugali, akanishikia maji ninawe. Dada, ninaishi na mtu ambaye sikuujua ukubwa wake.

Nakuomba uende Lagangabilili kwa mzee Januarius, baba wa binti uliyenitafutia, uwaambie siji kuposa, na kosa ni langu, si la binti yao wala lako. Maji sasa nachota mimi kwa baiskeli. Majirani wanacheka.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Milembe anakusalimu sana, anasema uje tule dengu. Ila nimemkataza kupiga magoti akisalimia, hata kwako. Atakupokea akiwa ameketi, nami ndiye nitakayekuletea maji.

Mdogo wako akupendaye,
Limbu