Kilio chako sitakifunga bado

Nsimire, mutoto wangu,

Wewe ulikuwa na kichwa kigumu. Nilikukataza kurudi Walungu kuchimba mihogo wakati askari walikuwa wangali barabarani. Ukanicheka: "Maman, wewe unagombanaka hata na moto wa jikoni!" Ukafunga kitenge, ukaenda. Wakakuua pale pale shambani. Kama ungenisikia, leo ningekuwa ninakugombeza uso kwa uso.

Nakumbuka ulivyokuwa ukisonga bugali, jasho mpaka kwenye kidevu, na ukininyima mwiko. "Kaa chini, maman, mikono yako imechoka." Nani alikuambia imechoka? Ndiyo hii inakuandikia.

Jina la komanda aliyetoa amri ya kuua nililisikia kwa masikio yangu, askari wake wakilitaja barabarani. Nikakubali kwenda kulisema kwenye ile korti kubwa ya Ulaya. Avoka wetu wa kututetea kortini, yule maman wa mutaa wa Muhumba, alinitayarisha, mimi na wamama wengine waliofiwa kama mimi. Juma lililopita alikuja, akaketi, akaangalia viatu vyake. Eti nchi moja yenye nguvu inataka kuiwekea korti vikwazo, na mutu yeyote anayeisaidia korti, banki inaweza kumufungia konti. Vikwazo vyenyewe havijapita bado, lakini shirika linalomulipa limeogopa, limesimamisha kazi.

"Vikwazo ni vya wakubwa wa korti, koko," akasema, akiniita bibi kama kawaida yake.

"Na mimi niko mukubwa wa korti? Mbona safari iliyokufa ni yangu?"

Akaaga, akaenda.

Tonton wako, baba yako mudogo, akazisikia habari. Unajua nilikataa kunyoa nywele na kufunga kilio chako, kumaliza matanga, mpaka nimalize kusema kortini. Yeye akafikiri korti imekwisha, akatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi ya kujaza bidoo kwa bidoo, ili Jumamosi tunywe na kilio kifungwe. Bila kuniuliza!

"Mama Nsimire, wazungu wamefunga mulango. Nyoa, tupumuzike."

"Ukichoka, wewe lala," nikamuambia. "Kichwa ni changu."

Lakini kasiksi haingojei mutu, inaharibika. Jumamosi hiyo nikawaita wale wamama wote, na avoka naye.

"Koko, sina mushahara tena," akasema.

"Masikio unayo?"

Akacheka, akatoa simu yake, akaanza kurekodi. Kila mama alisema mbele ya wenzake aliyoyaona. Tulilia, tulikunywa. Tonton wako alikuwa anamimina, amenuna kama mutu aliyeibiwa sherehe yake.

Nsimire, bado ninakukasirikia, na bado ninakutafuta jikoni kila asubuhi. Lakini sikuketi kungojea huruma ya mutu. Jumamosi ijayo wamama watarudi kusema yaliyobaki. Pombe ikikosa, tutakunywa maji. Nikifa kabla, sauti yangu iko mu simu ile. Nikiwa muzima, nitapanda ndege na nywele hizi hizi mbaya, jaji azione kwanza, ndipo nianze kusema.

Pumuzika sasa. Na usinibishie.

Mimi, mama yako