Siku Niliyokataa Chai ya Mama Chebet

Jumanne, Elburgon. Baridi ya leo ni ile ya kuvaa jaketi mbili, na ukungu umekalia msitu wa Mau mpaka saa nne.

Mimi ni mnunuzi wa miti. Nikitazama saiprasi nikiwa barabarani tu, nakuambia itatoa mbao ngapi, na sikosei. Shule niliacha darasa la saba, lakini kwa miti hakuna profesa wa kunifundisha. Nimefika Kampala, nimefika Mwanza, nimekula kila kitu.

Ndio maana wiki jana daktari wa kliniki kule Nakuru aliponiuliza mara ya tatu, "Mzee, sukari unaweka?" nilimjibu kifua mbele: "Daktari, mwaka mzima sijashika kijiko cha sukari!"

Na ni ukweli. Sijashika.

Lakini mashine ya kupima sukari ilisoma kumi na saba, na kidole cha mguu kilichochanwa na mbao mwezi jana kimekataa kupona. Daktari akasema sukari isiposhuka, hicho kidole kitaondoka. Nilicheka mbele yake. Nilipofika kwa gari nikavua kiatu, nikakitazama kidole.

Nimewaza wiki nzima. Huku kwetu chai haingoji kijiko. Inachemka na maziwa na sukari ndani ya sufuria, na hununui mti wa mtu kabla hujamaliza kikombe chake. Mimi huingia boma tano kwa siku. Piga hesabu wewe.

Leo kwa Mama Chebet, mjane wa njia ya Olenguruone, nilifunika kikombe kwa mkono. Mimi! Mwenye maneno kuliko Elburgon yote, nikashikwa na aibu kama bwana harusi.

"Kwani chai yangu iko na nini?" akauliza.

"Mama, niko na ugonjwa wa sukari. Kidole hakiponi."

Akaweka chupa ya chai chini, akanitazama sana. "Na mimi je? Miaka sita sasa. Nakunywa na wageni ndio wasiniite mchoyo."

Tukacheka mpaka kuku wakatoroka. Akachemsha ingine bila hata chembe ya sukari. Ilikuwa mbaya, heri dawa ya ng'ombe. Tukamaliza vikombe viwili kila mtu, na miti nikanunua.

Jioni hii nimemeza dawa, nimeosha kidole. Kesho ni boma tano tena, na nitasema mlangoni kuwa chai yangu haina sukari, kabla kiti hakijatolewa. Hiyo naiweza.

Jumapili kwa mama mkwe, hapo ndio sijui. Lakini kidole ni changu, si chake.