Katoni ya Nasra

Jumanne, chumbani kwetu Sanyuanli

Leo dukani, mtaa wa Yide Lu, wauzaji walipoanza kufunga kwa seloteipu mzigo wangu wa kutuma nyumbani, mwanangu Nasra aliisikia ile sauti, akapiga mayowe na kujigonga kichwani. Nikafanya kama siku zote: nikamkumbatia kwa nguvu, nikamwimbia sikioni. Akaning'ata.

Nilipomwachia tu, akaingia kwenye katoni tupu, akajikunyata. Mayowe yakaisha.

"Mama, funika."

Subhanallah! Miaka yote hii nasubiri aseme neno, hata moja.

Nikafunika nusu, nikakaa pembeni bila kumgusa. Kumbe kelele zote zile zinamuumiza, na mimi juu ya hizo naimba...

Mzigo umeondoka. Katoni ile nimerudi nayo. Amelala humo.