Tata, Mtumbwi Nimeulowesha

Tata waitu,

Miguu yangu inanata. Nimeketi kwenye ukingo wa kaburi lako, nzi wananiandama kwa sababu ya utamu wa ndizi, na kabla mtu mwingine hajakuletea habari nakuambia mwenyewe: mtumbwi wako nimeulowesha, na leo nimeukanyagia ndizi. Kofia sina. Sitakuwa nayo. Masomo nimeyaacha.

Sasa umejua. Ukitaka kukasirika, kasirika, ila leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana ulipokuwa hai hukunipa nafasi hiyo. Kila nilipoanza, "Tata, huku maabara mambo si mazuri," ulinikatiza: "Mtu haachi jembe katikati ya shamba." Ukacheka, ukampa Mama simu.

Siku niliyokupigia kukwambia nimekubaliwa kusomea shahada ya uzamivu, hukulala mchana kama kawaida yako. Uliuangusha ule mti mkubwa wa mpakani na kwa mdogo wako Ta Leonsi, ukamwita fundi akauchonga mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtumbwi gani ule! Watu wawili wanaingia, wanakanyaga ndizi bila kugongana. Kibeta yote ilikuja kuutazama. Ndipo ukasema mbele yao yale maneno yako: "Haitaingia ndizi humu mpaka Koku arudi na kofia ya udaktari." Ukaugeuza kifudifudi chini ya upenu wa jiko. Watu wa harusi walikuja kuuazima wakarudi mikono mitupu. Mama alikuonya kwamba mtumbwi usiolowa hupasuka. Ukamjibu, "Koku hachelewi."

Nilichelewa, Tata. Na mtumbwi ulipasuka, ufa mmoja mrefu kutoka kichwani hadi katikati. Hilo hukuliona. Au uliliona ukanyamaza, sijui.

Hukuwahi kuniuliza maabara kuna nini. Uliuliza tu, "Vipi migomba yako ya kwenye chupa, haijambo?" kama vile unaulizia mbuzi. Basi nikwambie. Nilikuwa natafuta kitu ndani ya mgomba kinachoufanya usife kwa mnyauko. Nilikipenda hicho kitu kabla sijakiona. Nilikuwa nafuga vimigomba vidogo kama kidole, chupa kwa chupa, na mwaka wa kwanza niliviimbia. Kisha ukungu ukaingia kwenye chupa. Nikaanza upya. Umeme ukakatika wikiendi, sampuli zikayeyuka. Nikaanza upya. Mashine ikaharibika, tukasubiri kifaa kutoka nje mpaka nikasahau tulikuwa tunasubiri nini. Mara moja tu jibu likatokea, zuri, linang'aa, nikapiga kelele hadi mlinzi akaja. Halikutokea tena. Msimamizi wangu si mtu mbaya, usimlaani huko uliko. Ila alikuwa na neno moja: "Rudia." Nilikuwa nalisikia hata bomba la maji likidondosha.

Mwishoni nilikuwa natapika asubuhi nikiliona geti la chuo. Nalala Jumapili nzima, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Siku moja nilifungua jokofu la sampuli nikasahau nimelifungulia nini, nikasimama pale baridi inanipiga usoni, machozi yanatoka. Sikuwa na huzuni, Tata. Yalikuwa yanatoka tu. Nikaenda zahanati, mganga akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, nina tasnifu.

Ndipo ukafa.

Nilikuja kukuzika. Mshereheshaji wa msiba akanisimamisha mbele ya watu wote, "Huyu ndiye Daktari wetu," na bibi mmoja wa Rubafu akanifuata nyuma ya nyumba kunionyesha goti lake. Yule bibi sikumkasirikia. Nililishika goti lake, nikampa pole. Nilikukasirikia wewe, ukiwa ndani ya sanduku, umevaa ile suti ya Pasaka. Ulikuwa umenivisha jina kabla sijalifikia, halafu ukaondoka bila kunivua. Tulipomaliza matanga, Ta Leonsi akasimama akasema mtumbwi utakaa kifudifudi vile vile, neno la marehemu halivunjwi. Wote wakaitikia. Ulipokuwa hai lilikuwa majigambo ya baba anayempenda binti yake. Ulipokufa likawa sheria.

Nikarudi chuoni na sheria yako mgongoni. Nikarudia. Nikarudia tena. Mpaka asubuhi moja nikavua koti jeupe, nikalikunja vizuri kama ulivyonifundisha kukunja mashati, nikaliacha kwenye kiti.

Usidhani nilijua naenda wapi. Nilifikiria kufundisha kemia sekondari. Nilikwenda hadi visiwani kwa binti wa shangazi, yule anayechuuza samaki huko Muleba, nikamwambia anifundishe biashara. Wavuvi walinicheka hadi wakashika mbavu. Kila samaki niliyemgusa nilimtazama matumbo kwanza. Binti wa shangazi akaniambia kwa upole kwamba nafukuza wateja.

Nikiwa narudi, pale Muleba mjini, nikapitia kwa rafiki yangu niliyesoma naye, anafanya kazi kwenye chama cha wakulima wa kahawa. Nilimkuta chumba cha kuonjea. Vikombe vimepangwa mezani, kahawa imesagwa, maji ya moto yamemiminwa, na watu wazima wanazunguka meza wakiwa na vijiko. Unachota, unafyonza kwa nguvu mpaka kahawa inarushwa mdomo mzima, unaitafakari, unaitema. Sauti yake, Tata! Ungetoka nje. Unakumbuka ulivyokuwa unapiga meza nikinywa uji? "Koku! Unakunywa kama ng'ombe!" Sasa nimekaa chini ya mwalimu, na mwalimu ananiambia, "Fyonza zaidi."

Kikombe cha tatu nilikataa kukitema upesi. Nikasema, hii ilianikwa kwenye udongo mtupu. Niliijua ladha hiyo, ndiyo kahawa yetu ya zamani, kabla Mama hajakugombeza ukanunua turubai. Mwalimu akauliza nimejuaje. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha kijiko kwenye kikombe kinachofuata. Nilitaka kujua kina nini. Nilitaka kujua! Unaelewa? Huo ndio moyo ulionipeleka maabara, na maabara ndiko ulikozimikia. Nilidhani umekufa. Kumbe ulikuwa umechoka kuambiwa rudia.

Wamenichukua kama mwanafunzi. Bado nakosea. Jioni ulimi umechoka, hata ebitoke vya Mama, zile ndizi zake za kupika, havina ladha. Lakini naamka asubuhi sitapiki, naamka nataka kwenda. Na yale niliyosoma hayakuoza. Bado nauliza maswali yale yale, ila sasa ninayemuuliza ni mkulima aliyechuma kahawa, naye ananijibu siku hiyo hiyo.

Sasa habari ya wiki hii. Tulikufanyia misa ya kumbukumbu, kanisa likajaa. Tuliporudi nyumbani Ta Leonsi akaniuliza mbele ya ukoo sherehe ya kofia ni lini, ili watu waanze kutunza ndizi. Nikasimama nikawaambia. Kisha shangazi akaanza kulia kana kwamba umekufa mara ya pili. Ta Leonsi akasema nimemvua baba yangu nguo kaburini.

Nikamwambia: "Baba mdogo, na fahali?"

Kila mtu pale anaijua habari ya fahali, wewe mwenyewe uliisimulia kila Krismasi huku ukicheka mpaka unakohoa. Babu alitangazia parokia nzima kwamba amepata padri. Akatenga fahali wa upadrisho, akawa anamnenepesha. Wewe ukarudi kutoka seminari na sanduku lako la bati, ukamwambia huwezi. Babu hakusema nawe msimu mzima wa kahawa. Na yule fahali akaliwa wapi? Akaliwa kwenye harusi yako na Mama. Nikawaambia: Tata angevumilia seminari ili babu asiaibike, leo ningekuwa sipo hapa kumvua nguo. Mama ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kanga kikamponyoka.

Na wewe, Tata, hapo ndipo ninapokudai maelezo. Wewe uliyejua maana ya kurudi na sanduku, ulipataje moyo wa kunichongea mtumbwi? Ulikaa mezani unawafurahisha watu kwa habari ya fahali, halafu ukaenda kunifugia wangu.

Sikuomba ruhusa. Niliugeuza mtumbwi, nikaujaza maji. Siku ya kwanza yalivuja yote. Nikajaza tena. Mbao zikanywa, zikavimba, na ufa ukajifunga polepole wenyewe, hadi maji yakatulia. Mama akafukia ndizi shimoni ziive. Leo asubuhi tukazimenya, tukachanganya na nyasi, nikapandisha sketi nikaingia.

Ta Leonsi alikuja akasimama mbali kwenye mibuni, mikono nyuma. Akasema mwanamke haingii mtumbwini. Nikaendelea. Akasema mtumbwi wa mtu aliyekula kiapo utatoa rubisi chungu. Nikaendelea. Alivumilia kidogo, kisha akashindwa: "Kisigino! Unakanyaga kama unayeogopa kuumwa, tumia kisigino!" Nikatumia kisigino. Haikumridhisha. Akavua viatu, akaviweka juu ya kaburi lako, samahani, ndivyo alivyofanya, akaingia upande wa pili. Hatukugongana. Fundi wako alipima vizuri.

Juisi imeshachujwa, mtama umeshatiwa, tumeifunika kwa majani ya mgomba. Kesho itakuwa rubisi. Majirani nimewaalika mwenyewe, na wakiuliza sherehe ya nini, nitawaambia ni ya binti wa marehemu, ameacha masomo yaliyokuwa yanamla, amepata kazi ya kufyonza.

Nimekumiss, Tata. Nilitaka nikukasirikie mpaka mwisho wa barua hii na nimeshindwa. Mchana huu Mama ameleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayoichemsha na majani, nikatafuna moja na mkono wangu ukanyooka kukupa ya pili, kama tulivyokuwa tukifanya pale barazani. Nikabaki nimeishika. Nimeiweka hapa kwenye saruji, karibu na viatu vya mdogo wako.

Lala salama, Tata waitu. Nakuahidi mtumbwi wako hautakauka tena. Atakayekuja kuuazima kwa harusi, kipaimara au msiba atapewa, na nikipata watoto sitamtengea yeyote fahali. Kesho kibuyu cha kwanza ni chako, nitakumiminia kabla ya Ta Leonsi. Kama bado una hasira, onja kwanza. Halafu uniambie ni chungu.

Ni mimi mwanao,
Kokugonza. Usiniite Daktari.