Bwana Radi karudi, Lutufyo kakaa na Debora

Tulia rafiki yangu, niko nje ya kibanda umiza, hapa wanapoonyesha filamu!

Shujaa wetu Bwana Radi karudi na filamu mpya baada ya miaka kumi na miwili, na Lutufyo wangu kaja kumtazama na Debora! Debora! Hata ile ya kwanza hajaiona!

Nilikaa nyuma yao. Nikamsikia Lutufyo anamfundisha, "Akitokea, mimi naita 'Radi!', wewe unajibu 'Imepiga!'"

Jibu langu hilo! Langu tangu darasa la tatu, mimi na Lutufyo tukichungulia ile ya kwanza kwenye tundu la turubai la kibanda!

Bwana Radi akatokea. Lutufyo akaita, "Radi!" Debora anatafuna karanga tu.

Nikajibu mimi. Kibanda kizima kikageuka.

Debora akauliza, "Nani huyo?"

Lutufyo hakugeuka. Akasema, "Mwenye jibu lake."