Msimfukuze Mama Mdogo Albertine

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kisangani, mimi Georgine, binti yako wa kwanza. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua za huko Basoko, zimewaachia nafasi ya kukausha samaki? Mimi mwili ni mzima na kazi ya maabara hapa hospitali inaendelea, ila moyo hauna raha. Barua uliyonitumia kwa mkono wa nahodha wa baleinière, ile boti ya mbao, imeuongezea uzito.

Nianze na mama. Hapa wodini hali yake ni mbaya. Jana alikubali vijiko viwili vya uji, akavitapika. Damu haikomi. Daktari aliniita pembeni akaniambia kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu. Ni kansa ya mlango wa kizazi, papa. Kipande walichomkata nilikiandaa mimi, nikakitia rangi mimi, na daktari alipoinua uso kutoka kwenye mikroskopi hakuhitaji kuniambia kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alivuja damu mwaka mzima akisema ni uzee.

Sasa unaniandikia kwamba tonton Faustin, mdogo wako, aliita kikao cha familia, na nabii wa kike akamtaja mama mdogo Albertine, eti anamla dada yake kichawi kwa wivu kwa sababu yeye hakuzaa. Watoto wamekatazwa kupokea chakula mkononi mwake, na Jumapili atatolewa nyumbani. Unaomba mimi niliyesoma nitoe neno langu, mambo yaishe. Haya, neno langu ni hili, na ulisome polepole.

Unajua mama anavyofunga kitambaa chekundu kwenye mafungu ya samaki wa kuuza. Wapakizi hawafungui kuangalia. Wakiona kitambaa wanabeba. Wakati wa matanga ya babu alikosea, akakifunga kwenye fungu la wageni, likaenda na boti, watu wakala pondu tupu, majani ya muhogo bila samaki. Hakuna aliyemgombeza mpakizi.

Mwilini ni hivyo hivyo. Ndani ya kila seli kazi hufanywa na protini. Protini ikichakaa, au ikimaliza zamu yake, seli huifunga mnyororo wa alama ndogo ndogo, nayo hupelekwa kusagwa, na vipande vyake vikajenga nyingine. Si kila alama ni ya kusagwa. Nyingine huiambia protini ihamie mahali fulani, au ianze kazi, au ingoje. Bila utaratibu huo hatuishi.

Mojawapo ya protini hizo ni mlinzi. Seli ikiharibika huizuia isizaane, na asipoweza kuitengeneza huiamuru ife. Kirusi kilichomwingia mama kina ujanja wake: humshika mkono yule anayefunga alama, kikampeleka kwa mlinzi mzima asiye na kosa. Mlinzi akasagwa. Akatengenezwa mwingine, naye akafungwa alama, akasagwa, miaka na miaka. Seli mbovu zikazaana bila wa kuzizuia. Hicho ndicho kinachommaliza mama, na kazi yake nimeiona kwa macho yangu.

Utauliza kirusi kilitoka wapi. Papa, unanijua, sijui kuzungusha maneno. Hupita kitandani. Mama hakujua mwanaume mwingine ila wewe, na wewe umefanya biashara ya mto ujana wako wote. Wanawake wa bandarini tuliwajua hata kwa majina. Sikutukani. Watu wengi sana hukibeba bila kuumwa wala kujua, na hukujua. Sisemi umemuua. Lakini kama familia lazima ipate jina siku ya Jumapili, jina hilo si la Albertine.

Nilimwambia mama kwamba nitakuandikia. Alinishika mkono akasema, “Usiambie papa yako ile maneno. Atasikia haya mbele ya batu.” Nikamuuliza, na Albertine yeye hasikii haya? Akauachia mkono wangu.

“Bon,” akasema. “Andika.”

Kwa hiyo simama kikaoni kabla tonton hajaanza, useme Albertine hatoki. Sababu utaitaja au utaificha, hiyo ni juu yako. Ukinyamaza nitashuka mwenyewe na boti inayofuata, niwaambie wote, na mama nitakuwa nimemwacha peke yake hapa kitandani. Nina hasira nawe, papa, na ninakupenda, na vyote viwili vinaninyima usingizi.

Nisalimie bibi, mama yako, umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie dada yangu Solange. Aje kupimwa mapema, asingoje kuona damu. Mchungaji wetu nisalimie, na hata tonton Faustin.

Halafu mpandishe Albertine kwenye baleinière Jumatatu. Kwetu mwanamke akifa huoshwa na mdogo wake wa tumbo moja, na mama anajua siku zake zimekwisha. Hajaniuliza kama wewe utakuja. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa, anauliza kama Albertine amefika.

Ni mimi binti yako,
Georgine